Embe Bichi Bakulini: Mjadala wa Kachumbari ya Kaskazi

Kuanzia Desemba hadi Machi, kaskazi inapovuma na fukuto la pwani kugoma kuondoka hata usiku, chakula kizito hakishuki. Wali unabaki sahanini, watu wanakunywa maji mpaka tumbo linacheza, na bakuli linalomalizwa mwanzo ni la kachumbari. Ndipo linapozuka swali ambalo kila jiko la Tanga, Dar es Salaam, Unguja na Mombasa lina jibu lake: je, tunda na mboga vikae bakuli moja? Wapo wanaoamini kwamba kachumbari ni kitunguu, nyanya, tango na ndimu, basi. Tunda lingoje sahani yake baada ya mlo. Wapo pia wanaochanganya chochote kilichopo, ndizi mbivu, papai, karoti, nyanya, wakamwagia mayonezi juu na kuita saladi. Siko upande wa hao wala wa hawa. Ninachotetea ni kwamba tunda liingie kwenye kachumbari ya msimu wa joto, mradi liwe gumu na lenye ugwadu, na chumvi iwe ya mwisho kutiwa. Mpaka wa kuchungwa hapa si wa tunda na mboga. Ni mpaka wa kinachokatika chini ya jino na kinachopondeka.

Wa kwanza kusimama kunipinga ni bibi wa mwambao, naye hazungushi maneno. "Kachumbari ina adabu zake, mwanangu. Kitunguu, nyanya, tango, pilipili, ndimu. Ukitia nanasi umeshapika kitu kingine." Hoja yake si ya kupuuzwa. Kachumbari ya pilau ina kazi maalumu, kukata mafuta na kuamsha ulimi uliolemewa na bizari na mdalasini, na kila kitu kitamu kinachoingizwa humo kinaipunguzia makali. Hapo namwachia bibi ushindi: kwenye pilau ya harusi sitamshauri mtu atie nanasi. Lakini anapoongeza kwamba ndivyo ilivyokuwa tangu enzi, historia haimuungi mkono. Chakula hiki kilivuka Bahari ya Hindi kutoka Bara Hindi, na huko mpaka leo wapo wanaokitia embe bichi. Tango asili yake ni hukohuko. Nyanya na pilipili zilizaliwa Amerika, na hazikuonekana Afrika Mashariki mpaka Wareno walipoanza kupitisha meli zao huku, baada ya 1498. Adabu anayoisema bibi ni adabu iliyowakaribisha wageni mmoja baada ya mwingine, kisha ikafunga mlango.

Isitoshe, embe bichi halihitaji hata kukaribishwa, maana liko ndani siku zote. Watoto wa pwani hulila kwa chumvi na pilipili nje ya geti la shule. Achari ya embe ipo kwenye chupa ya kila duka. Urojo wa Unguja hupata ugwadu wake kutoka kwa embe bichi au ndimu. Bibi atanijibu kwamba urojo ni urojo na achari ni achari, kila kimoja kina chombo chake, na kwa hilo hajakosea. Basi tutoke nje ya pwani yetu tuone wenzetu wa joto wamefanya nini. Wajava wana rujak: embe bichi, nanasi, tango na matunda mengine magumu, yakichanganywa na rojo la pilipili, ukwaju, chumvi na sukari ya mnazi. Huko Jalisco, Meksiko, kuna chakula kiitwacho pico de gallo ambacho hakifanani na kile cha nyanya kinachojulikana kwa jina hilohilo sehemu nyingine. Cha kwao huwa na chungwa, tango na jicama, kiazi cheupe kinacholiwa kibichi, pamoja na ndimu na pilipili ya unga. Java na Jalisco zimetenganishwa na bahari kubwa kuliko zote duniani, lakini mabakuli yao yanasema lugha moja: tunda gumu, tango, uchachu, chumvi, pilipili. Sioni namna ya kuita hilo sadfa.

Sababu imo mwilini. Tango ni maji kwa takriban asilimia 95, nyanya asilimia 94, nanasi asilimia 86. Bakuli lenye gramu 100 za kila kimoja linampa mlaji zaidi ya robo lita ya maji, tena maji yanayoingia polepole, kwa kutafuna, si kwa kugugumia. Uchachu nao huchochea mate, na kinywa chenye mate hakilalamiki kiu. Jasho linapotoka huondoka na chumvi, ndiyo maana kidole cha chumvi juu ya tunda hupendeza zaidi siku ya fukuto kuliko siku ya mvua. Utamu haufanyi hayo kwa kiwango hicho. Kuna la ziada ambalo wapenzi wa friji hawalipendi kulisikia: baridi hupunguza uwezo wa ulimi kuonja utamu. Ndiyo maana saladi ya matunda yaliyoiva ikitolewa kwenye jokofu, mtu huiongezea sukari au maziwa ya kopo, akamaliza bakuli na kuomba maji. Pilipili, kwa upande wake, huwatoa watu jasho usoni, na jasho likikauka mwili hupoa. Ila jasho halikauki upesi katika unyevu wa Dar es Salaam ya Februari, kwa hiyo ningeitia pilipili mbuzi kwa ajili ya harufu yake zaidi kuliko kwa ahadi ya kupoza.

Anayefuata kusimama ni mwenye tumbo lake. Anasema tunda likiliwa pamoja na chakula huchachuka tumboni na kuleta gesi, kwa sababu tunda husagika haraka na chakula kingine huchelewa, hivyo tunda hukwama kwenye foleni. Imani hii imezagaa sana siku hizi, na wanaoieneza huitaja kama sayansi. Haina miguu. Tumbo la mtu mzima mwenye afya lina asidi kali ambayo haiwapi nafasi vijidudu vya kuchachusha nanasi ndani ya saa chache, na vimeng'enya vya wanga, protini na mafuta hufanya kazi kwa pamoja kwenye utumbo mwembamba, havingoji zamu. Maharage yenyewe yana wanga na protini ndani ya punje moja, na hakuna aliyewahi kuyatenganisha kabla ya kuyala. Jaribio lililofanywa Geneva na kuchapishwa mwaka 2000 liliwapa watu wanene milo yenye nishati sawa, baadhi wakitenganisha aina za vyakula na wengine wakichanganya. Uzito waliopoteza haukutofautiana.

Hata hivyo, gesi anayoisema si ya kubuni, na ingekuwa ufidhuli kumwambia mtu kwamba tumbo lake linamdanganya. Kitunguu kibichi kina fruktani, wanga ambao utumbo mwembamba wa binadamu hauwezi kuusaga, nao hufika kwa bakteria wa utumbo mpana ukiwa mzima. Embe bivu lina fruktosi nyingi kuliko glukosi, na wako watu ambao miili yao huifyonza kwa shida. Kwa hiyo mtu akila bakuli la kitunguu kingi na embe bivu jingi, akavimbiwa, hana la kuulaumu mchanganyiko. Avilaumu vyote viwili, kila kimoja kwa kosa lake. Dawa ni kupunguza kitunguu na kuchagua embe ambalo sukari yake bado haijaja. Embe bichi lina wanga ambao haujageuka sukari, na kwa kawaida lina vitamini C nyingi kuliko likishaiva. Jibu hilohilo linamtosha pia anayeogopa kisukari: hapa hakuna juisi wala sukari ya kijiko, kuna tunda zima na nyuzinyuzi zake, na Shirika la Afya Duniani halilihesabu tunda zima katika sukari linazotaka zipunguzwe, ingawa juisi linaihesabu. Shirika hilo linapendekeza mtu mzima ale angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku, na bakuli moja kubwa la namna hii ni zaidi ya nusu ya safari.

Tumefika kwa mama ntilie. Yeye hapingi embe. Anachopinga ni maji. "Nikikata asubuhi, saa saba nina supu," anasema, na kati ya wote waliozungumza huyu ndiye aliyeugusa moyo wa jambo. Chumvi ikigusa tango lililokatwa, huvuta maji kutoka ndani ya chembe zake. Chembe zinanywea, tango linalegea, na chini ya bakuli kunajaa maji yenye nyanya zinazoelea. Sukari hufanya vivyo hivyo, ndiyo maana embe bivu huharibu kachumbari mara mbili: linapondeka lenyewe, halafu majimaji yake matamu yanawalegeza wenzake. Robo saa inatosha kuona tofauti. Kwa hiyo utaratibu wa kutia vitu ndio mapishi yenyewe. Hapa hakuna moto wa kurekebisha kosa.

Kitunguu kinatangulia, kwa sababu ndicho pekee kinachofaidika na chumvi ya mapema. Kikatwe vipande vyembamba vya mviringo, kifikichwe kwa chumvi mpaka kitoe povu na kulegea, kisha kioshwe kwa maji na kukamuliwa kwa nguvu ya kiganja. Ukali unaochoma macho huondoka na yale maji, na chumvi nyingi huondoka nayo. Hapo kinamiminiwa ndimu na kuachwa. Kama ni kitunguu chekundu, ndani ya dakika chache kinageuka rangi ya waridi iliyokolea. Embe bichi linamenywa na kukatwa vijiti vyembamba kama vya kiberiti. Kulikwangua ni haraka zaidi, lakini linatoka rojorojo. Kipimo cha embe linalofaa ni kokwa: kisu kikikwama kwenye kokwa iliyokwisha kuwa ngumu, na nyama yake ni nyeupe inayoanza kuelekea umanjano, hilo ndilo. Likiwa changa zaidi ya hapo lina ukakasi, na kokwa yake hukatika pamoja na nyama. Tango linapasuliwa kwa urefu na mbegu zake zinakwanguliwa kwa kijiko, maana maji mengi ya haraka yanatoka hapo. Nanasi liwe lile ambalo bado lina kijani kidogo ganda lake, likatwe vipande vidogo kuliko vya saladi ya matunda. Lina bromeleini, kimeng'enya kinachoyeyusha protini, ambacho ndicho huchoma ulimi wa mtu anayelila kwa wingi. Nyanya ziwe chache na ngumu, na zisitoke kwenye friji: utafiti wa watu wa Florida uliochapishwa 2016 ulionyesha kwamba nyanya zilizokaa siku saba kwenye nyuzi 5 za Selsiasi hupoteza sehemu kubwa ya harufu yake, na harufu hiyo hairudi yote hata zikitolewa nje. Vyote hivi vikae bila chumvi. Giligilani, ile wanayoiita dania Mombasa na Nairobi, ikatwe mwisho. Watu wakishaketi ndipo chumvi inyunyizwe, nusu kijiko cha chai kwa bakuli la watu wanne, ligeuzwe mara mbili tatu kwa mkono mwepesi, liliwe. Kwa kipimo hicho kila mmoja hapati hata gramu moja, wakati kikomo cha siku nzima ni gramu 5.

Mama ntilie atauliza, na ana haki: yeye wateja wake hawaketi pamoja, wanaingia mmojammoja kuanzia saa sita hadi saa tisa. Kwake chumvi ya mwisho ina maana ya kunyunyizia kila sahani peke yake. Ni kazi ya ziada, sikatai. Lakini ni nafuu kuliko kumwaga beseni zima la kachumbari iliyonywea, na sahani inayotiwa chumvi na ndimu mbele ya macho ya mteja inampa mteja sababu ya kurudi.

Sauti moja inadakia kutoka nyuma: "Hayo maji ndiyo matamu." Nayo ni kweli. Majimaji ya kachumbari, yenye ndimu, chumvi, nyanya na ukali wa pilipili, yakimwagwa juu ya wali mkavu yanaugeuza. Nyumba nyingi huigombania ile sehemu ya chini ya bakuli. Sina haja ya kuwapokonya. Ila tusichanganye mambo mawili: ile ni rojo ya kulainishia chakula kingine, na mimi nazungumzia bakuli linaloweza kuwa mlo wa mchana lenyewe, kwa mtu ambaye wali hautaki. Anayetaka yote mawili aongeze nyanya nne na kuziacha zilowe pembeni kwa chumvi.

Anayevaa kofia nyeupe ya hotelini analeta suala la mafuta. Kwake saladi isiyo na mafuta ya zeituni haijakamilika, tena anadai ni kwa ajili ya afya. Kwa upande wa afya ana ushahidi. Mwaka 2005 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ohio State walichapisha matokeo ya kuwapa watu salsa ya nyanya pamoja na parachichi na bila parachichi; walipoongeza gramu 150 za parachichi, ufyonzaji wa likopeni, ile rangi nyekundu ya nyanya, ulipanda mara 4.4, na wa beta-karotini mara 2.6. Mafuta ya parachichi ndiyo yaliyofanya kazi hiyo, maana rangi hizo huyeyuka kwenye mafuta na si kwenye maji. Kwa hiyo mpishi wa hotelini yuko sahihi kuhusu mafuta, ila chupa yake haihitajiki. Parachichi lililokatwa vipande vikubwa na kuwekwa juu baada ya kugeuza, lisije likapondeka, linatosha. Na kama pembeni pana changu wa kukaanga au kababu, mafuta yameshapatikana, basi bakuli liachwe lilivyo. Mafuta ya kumwagia hufunika vipande kwa utando unaozuia ndimu isiingie. Bakuli likipoteza ukali wake, limepoteza kazi yake.

Pingamizi lililo zito kuliko yote ni la bwana afya, na nimeliweka huku kwa sababu halina jibu la mkato. Msimu wa joto na mwanzo wa mvua ndio pia msimu wa kipindupindu. Mlipuko ulioanza Dar es Salaam Agosti 2015 ulienea mikoa mingi ya nchi na kusumbua mwaka uliofuata, na katika milipuko ya namna hiyo matunda yaliyomenywa na kukatwa huwa miongoni mwa vitu vya kwanza kupigwa marufuku barabarani. Mtetezi wa kachumbari hukimbilia ndimu. Kuna kitu hapo: uchunguzi uliofanywa Guinea-Bissau katika mlipuko wa miaka ya 1990 ulikuta kwamba waliokula wali kwa mchuzi uliotiwa maji ya ndimu waliugua kipindupindu kwa uchache kuliko wasioitia, na maabara ilithibitisha kwamba kijidudu chake hakivumilii uchachu huo. Lakini kipindupindu si maradhi pekee yanayopanda kwenye mboga mbichi. Mayai ya minyoo hayajali ndimu, na virusi vingi vya kuharisha havijali pia. Kwa hiyo ndimu isihesabiwe kuwa sabuni. Maji ya kuoshea yawe yaliyochemshwa au kutiwa dawa. Tango na embe vioshwe kabla ya kumenywa, kwa kuwa kisu hubeba uchafu wa ganda na kuupeleka ndani. Kibao cha nyama kisikate nyanya. Chumvi ya mwisho nayo inasaidia kwa njia ya mzunguko: bakuli linaloandaliwa kuliwa saa hiyohiyo halipati muda wa kukaa nje kwenye joto. Na mtaani kwenu kipindupindu kikitangazwa, kuleni mboga ya kupika mpaka kiishe. Nanasi lipo mwakani.

Kuna anayesema haya yote ni starehe ya wenye nafasi. Bei inamkatalia. Miezi ya kaskazi ndiyo miezi ambayo embe la Pwani na Tanga linashuka thamani mpaka linaoza chini ya miti, na nanasi la Kiwangwa linafika Dar es Salaam kwa malori. Katika bakuli hili chenye bei ya kuumiza ni nyanya, hasa mvua zinapoharibu mashamba, na embe bichi linachukua nafasi yake ya uchachu bila mtu kuona pengo. Mkulima naye ana faida. Tangu 2003, inzi wa matunda kutoka Asia alipogunduliwa Kenya, wakulima wa pwani wamekuwa wakipoteza maembe mengi, na inzi huyo hupenda zaidi embe linalokaribia kuiva. Linalochumwa likiwa gumu na la kijani kwa ajili ya bakuli huepuka sehemu kubwa ya hasara hiyo. Soko la embe bichi lipo, ila ni la watoto na wauza achari tu. Jiko la nyumbani likiingia, mkulima atavuna mara mbili kwenye mti mmoja.

Bibi, aliyekuwa kimya muda wote huu, ana swali la mwisho: "Na embe likiisha?" Likiisha, mara nyingi joto nalo limeondoka, na kusi imeshika. Juni soko limejaa machungwa ya Muheza, ambayo yakimenywa mpaka utando mweupe uishe na kukatwa duara hukaa vizuri na kitunguu cha ndimu. Kwa siku za joto zisizo na embe kuna papai bichi, ambalo Wathai hulifanyia kazi hiyohiyo: likatwe vijiti, lilowekwe kwenye maji mpaka utomvu utoke, likamuliwe. Bibi anasema papai bichi ni la kulainishia nyama. Hapo itabidi tuanze upya.